Amefyata mkia, hajatubu

Asanteni, asanteni. Kaeni. Naona nyuso zilizonisikia mwaka jana, na mwaka juzi pia. Leo nitasema yaleyale, kwa sababu nanyi mmekuja na swali lilelile. Hata sijapanda hapa nimeshikwa mkono mlangoni: "Mwalimu, huyu mtoto wa mbwa wangu ana kiburi. Ana wiki tisa. Anakojoa kwenye zulia, na anajua kabisa amekosa, maana nikiingia tu anafyata mkia, masikio chini, macho anayapeleka pembeni."

Anajua amekosa. Tuanzie hapo, na nawatahadharisha kwamba huenda tusitoke hapo.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz, wa chuo cha Barnard kule New York, aliichunguza sura hiyo ya majuto kwa mbwa 14 na wenyewe. Mtu anamkataza mbwa wake asiguse kitafunwa, kisha anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa mbwa amekula, au hajala, na mara nyingine anaambiwa uongo kwa makusudi. Sura ya majuto haikufuata kosa, ilifuata karipio. Aliyekaripiwa alinywea, awe amekula au hajala. Tena waliojikunyata zaidi ni wale waliokaripiwa bila kugusa kitu! Mkosaji katulia, asiye na kosa ndiye anayeomba radhi.

Kwa hiyo hicho unachokiona si toba. Ni mtoto anayesoma mabega yako na namna ulivyoubamiza mlango, naye anakusihi upoe. Amekojoa tangu asubuhi, wewe umerudi mchana. Kwake yeye jambo lililotokea ni moja tu: umeingia na umefura.

Najua haya kwa sababu niliyafanya. Mbwa wangu wa kwanza nilimlea kama nilivyoona watu wakilea. Nikikuta dimbwi, namkamata ukosi, namwinamisha pua karibu na mkojo, "Nini hiki? Nini hiki?" kana kwamba atanijibu, kisha namtupa nje. Wiki ya tatu, sakafu kavu. Nikatamba. Niliwaambia majirani njoo mwone, mbwa kafundishika. Kisha ikaanza harufu. Nikalaumu bomba, nikalaumu viatu vyangu mwenyewe. Siku moja nikalivuta kochi kubwa nikitafuta ndala iliyopotea. Ndala nikaipata. Nikapata pia mguu wa kochi uliovimba na kubanduka rangi, na sakafuni duara juu ya duara, zilizokauka kwa kingo za njano, kama ramani ya visiwa. Lile halikuwa tukio, jamani. Lile lilikuwa ofisi.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba nje hakuwa akikojoa. Ninamtoa, nasimama, ananitazama, namtazama. Anakaa chini kwa adabu. Dakika arobaini! Tukirudi ndani, nikigeuka kuning'iniza koti, huyoo, nyuma ya kochi. Nilimwona mkaidi. Lakini somo alilielewa vizuri kuliko mimi niliyelifundisha: mkojo na binadamu wakikutana mahali pamoja, kuna balaa. Basi usikojoe mbele ya binadamu. Nilimfundisha jambo hilo kwa ufasaha kabisa, na ilinichukua miezi kulifuta.

Sasa kuna mzee hapo mbele anatikisa kichwa, najua analotaka kusema: samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini wewe humkunji samaki, unamkunja aliyekuwapo asubuhi, naye hayupo tena. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kidogo, mnyanyue, mpeleke nje amalizie huko, basi. Ukikuta limekwisha, chukua tambara ufute. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hata kuyazoa ungeona kinyaa.

Mwingine ataniambia mbona mama yao huwang'ata. Huwang'ata wakivuka mipaka mchezoni, palepale, si baada ya saa mbili. Na kwa habari ya haja, mama hang'ati kabisa. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo watoto hawawezi hata kukojoa mpaka awalambe, na uchafu wao anausafisha yeye mwenyewe kwa ulimi. Baadaye ndipo wanapoanza kujikokota mbali na wanapolala. Hiyo hamu ya kutochafua malazi anakuja nayo kwako bure. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba nyumba nzima ni malazi, jambo ambalo kwa mtu mwenye urefu wa kiganja si dogo.

Kazi yenyewe haina siri. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukibana haijakomaa. Kipimo cha kukadiria: umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Wa miezi miwili, saa tatu, na ni kwa shida. Akiwa anacheza, hata nusu saa ni nyingi. Mtoe akiamka, akimaliza kucheza, kabla ya kulala, na dakika chache baada ya kula, kwa sababu tumbo likijaa utumbo unaamka. Ukimwona ananusa na kuzunguka, umeshachelewa, mbebe.

Nimesema mtoe, sikusema mfungulie mlango. Nenda naye, kila mara mahali pamoja. Nyamaza. Akimaliza, msifu na umpe kitafunwa hapohapo, nyasi zikiwa bado zina unyevu. Ukisubiri mpaka mlangoni, umemlipa kwa kufika mlangoni. Na usimrudishe ndani papo hapo, maana akigundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza matembezi, atajibana ili mzidi kukaa nje. Si mjinga.

"Lakini mwalimu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji!" Bibi, mbwa si mgema. Yeye hulirudia lile lililomletea raha, na hiyo ndiyo hesabu yake yote. Akiringa kwa sababu amekojoa nje, mwache aringe.

Usafi. Msifute kwa dawa yenye amonia. Mkojo wenyewe unatoa harufu ya amonia, kwa hiyo unapaka rangi bango la choo. Tafuteni dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo. Pua yako ikisema pamekauka, yake bado inasoma anwani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenyekiti, mwaka jana pia ulinionyesha.

Haraka basi. Usiku wa kwanza atalia, na si deko. Tangu azaliwe amelala kwenye rundo la ndugu zake, leo yuko peke yake gizani. Weka kizimba chake kando ya kitanda chako, usimfungie jikoni. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikizidi sana, pembe moja itageuka msala. Akinung'unika usiku wa manane mtoe kimya kimya, bila mchezo, umrudishe. Anayekojoa kila anaposalimiwa hilo ni suala jingine, ni woga na furaha vimechanganyika. Chuchumaa, mpe ubavu, usimwinamie. Aliyekuwa mkavu akaanza ghafla kukojoa kidogo kidogo mara kwa mara, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Chanjo mnazijua. Kutafuna viatu nilikuwa na kurasa mbili hapa, naziacha.

Swali moja? Mama pale nyuma. Anauliza afanye nini na zulia lenyewe, maana ni la urithi.

Mama, likunje leo, uliweke juu ya kabati mpaka afikishe miezi sita. Mzee wa samaki, unaona? Hili ndilo la kukunjwa mapema.