Mifano arobaini haitoshi

Mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, kisa ni kilekile. Nitaacha kukisimulia siku nitakapoacha kusikia mtu akisema, "Nimejaribu mara nyingi, kwa hiyo ni kweli."

Shikeni kalamu. Chagua namba, izidishe kwa yenyewe, toa namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 unapata 41. Ukiweka 2, 43. Ukiweka 3, 47. Halafu 53, 61, 71. Namba tasa zote, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe! Mwanahisabati Leonhard Euler aliionyesha hii mwaka 1772. Endeleeni hadi 20, hadi 30: tasa tupu. Ukiweka 40 unapata 1601, nayo tasa. Nani asingesema basi, imetosha?

Haya, wekeni 41. Msikokotoe, tazameni tu. 41 mara 41, toa 41, ongeza 41. Umetoa, umerudisha. Imebaki 41 mara 41. Kwisha habari yake! Na jambo lenyewe lilikuwa wazi tangu mwanzo, sisi tumeinamia mahesabu.

Najua, kuna mtu pale nyuma anataka kuniambia: "Mwalimu, dereva akinifikisha salama mara 40, safari ya 41 napanda bila wasiwasi." Panda, ndugu yangu, hata mimi napanda. Lakini hujasema kwamba hatapata ajali kamwe. Ukishatamka "kila" au "kamwe", umekopa deni ambalo mifano hailipi.

Euclid, mwanahisabati Mgiriki, miaka kama 300 kabla ya Kristo, alililipa: alithibitisha kwamba namba tasa haziishi kamwe. Nipe orodha yoyote ya namba tasa. Zidisha zote, ongeza 1. Ukigawanya jibu kwa yoyote iliyomo kwenye orodha, inabaki 1. Basi namba tasa inayoligawanya iko nje ya orodha. Na msiniandikie tena kwenye mtihani kwamba jibu lenyewe lazima liwe tasa! Zidisheni 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongezeni 1: mtapata 30031, yaani 59 mara 509.

Aristotle, Mgiriki wa kale aliyechambua jinsi hoja zinavyofungwa, nilimpangia nusu saa, na muda ndio huo umekwisha. Chukueni mfano mmoja tu. Kila ndege huruka. Mbuni ni ndege. Basi mbuni huruka. Hoja imefungwa barabara, uongo uliingia kwenye sentensi ya kwanza. Mengine mtasoma.

La mwisho. Barua ya Christian Goldbach kwa Euler yuleyule, 1742, ilizaa dai hili: kila namba shufwa (inayogawanyika kwa 2) inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimepima kupita milioni milioni milioni 4, halijakwama hata mara moja. Wanaosema limethibitishwa, nyoosheni mikono.

Mnaona? Nusu ya ukumbi.