Kokoto za zege la zamani: loweka kwanza ndo uchanganye

Haya wadau karibuni, leo tuko Pasua hapa Moshi, kuna nyumba imevunjwa na hiki kifusi kilikuwa kinaenda kumwagwa korongoni, mi nasema hapana, hapa kuna kokoto ya maana kabisa.

Kwanza chambua. Toa mbao, nailoni, udongo, na jipsam ya dari usiache hata kipande, ile ina salfeti, ikibaki ndani ya zege inakuja kuvimba taratibu na zege linapasuka. Nondo vuta weka pembeni.

Halafu ponda, isizidi milimita 20. Vaa miwani na barakoa jamani, vumbi la zege lina silika, linaharibu mapafu na hayaponi. Chekecha, na lile vumbi la chini usiliweke badala ya mchanga, litakunywea maji sana, kajazie chini ya sakafu.

Sasa hapa ndo penyewe, kamera sogea. Ona hili jiwe, huku jeusi ndo jiwe lenyewe, hii kijivu iliyong'ang'ania ni mota ya zamani, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga. Nikilitumbukiza kwenye ndoo ona vipovu vinavyopanda, hewa inatoka maji yanaingia. Ukiliweka kavu litanyonya maji ya saruji yako, zege linakuwa gumu kabla hujamaliza kumwaga, fundi anaongeza maji tu kwa macho na nguvu yote imeishia hapo. Kwa hiyo loweka usiku kucha, asubuhi mwaga juu ya chekecheo lichuje, mpaka juu lisiwe linang'aa maji ila ndani limeshiba.

Kuchanganya twende na 1:2:4, saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kwenye hizo nne moja tu iwe ya kifusi, tatu mpya. Hiyo ni asilimia 25, nguvu haishuki sana. Maji tia kidogo kidogo.

Hili zege mwagia jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, njia ya gari, vibaraza. Nguzo, bimu na slabu ya ghorofa usiguse mpaka injinia akupimie kyubu za siku 28, yaani vipande vya mraba vya zege hilo vinavyokandamizwa kupima nguvu vikifika siku 28, hapo mi sibembelezi mtu, watu wanalala chini ya hiyo slabu.

Ukishamwaga funika na magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7, na jua hili la Moshi mchana pitia tena, ukikuta gunia limekauka loanisha.