Mguu Haufichwi Chini ya Kanga

Mazungumzo na wananchi, Pangani, mkoani Tanga

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Nashukuru mmeacha mashamba na ngalawa asubuhi hii mkaja kunisikiliza.

Kwanza kila mtu ajibonyeze mguu. Kidole gumba juu ya muundi, karibu na kifundo. Bonyeza, hesabu polepole mpaka kumi, achia. Pakibaki kishimo kama kwenye donge la unga wa maandazi, ujue kuna maji yametuama chini ya ngozi. Hapo hatujajua ugonjwa bado, tumejua pa kuanzia.

Moyo ukichoka kusukuma damu, miguu yote miwili hujaa maji, jioni zaidi, na usiku mwenyewe hawezi kulala bila kuongeza mito kwa sababu pumzi inambana. Figo zikiharibika, aghalabu mtu huamka uso umevimba, na mkojo unatoa povu. Wapo wanaovimba kwa dawa ya presha, hasa amlodipini. Hao wasiache dawa kimyakimya, warudi kwa aliyewaandikia. Mama mjamzito kuvimba nyayo kidogo si ajabu, lakini uso na mikono ikivimba, kichwa kikagonga, macho yakaona ukungu, asisubiri siku ya kliniki. Aende saa hiyo hiyo, kifafa cha mimba kiko mlangoni. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, kigimbi kikawa cha moto na kinauma, huenda damu imeganda ndani. Donge hilo likipanda mapafuni linaua. Hilo nalo ni la kukimbilia hospitali.

Sasa nije kwa lile linalotuhusu sisi watu wa pwani: matende.

Nimesikia mengi. Fulani kakanyaga uchawi, kategwa njiani. Mwenye busha naye anaambiwa amezidisha madafu. Wazee wangu, dafu halina kosa. Ni mbu. Mbu anamuuma mwenye vimelea vya minyoo, anavibeba, anakuja kukuuma wewe. Hapa kwetu ni mbu wale wale wa malaria, pamoja na wale wanaozaliana katika maji machafu ya vyoo na mashimo. Si kuumwa mara moja: ni miaka ya kuumwa, na wengi huambukizwa wangali watoto wakaja kuvimba utu uzimani. Minyoo yenyewe ni myembamba kama uzi. Inakaa katika mirija inayozoa maji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu, na inaweza kuishi humo miaka sita hadi minane. Watoto wake huingia kwenye damu usiku, ndiyo maana zamani wapimaji walikuja kutuamsha usiku wa manane kututoa damu kidoleni. Watu wakasema ni wanyonya damu! Walikuwa wanamfuata mnyoo kwa saa zake.

Mirija ikishaharibika ni kama mfereji ulioziba. Maji hayapiti, mguu unajaa. Mwanzoni ukilala usiku asubuhi umepungua. Baadaye haupungui tena, ngozi inakuwa nene, inafanya mikunjo. Na humo ndani ya mikunjo ndimo lilimo jambo lililonileta hapa.

Kinachoukuza mguu wa matende mwaka hadi mwaka, mara nyingi, ni bakteria. Wanapenya katika mpasuko mdogo kabisa, aghalabu katikati ya vidole, pale panapokuwa peupe na kuwasha. Ndipo inakuja ile homa: mtu anatetemeka, mtoki unauma kinenani, mguu unawaka. Kila homa ikipita inauacha mguu mkubwa kuliko ulivyoukuta. Kwa hiyo ukiziba ile mipasuko, umezizuia homa, na mguu unatulia. Hata harufu, ile inayomfanya mtu ajitenge harusini na msikitini, inaondoka.

Dawa za kingatiba zinazogawiwa, ivamektini na albendazo, zinaua watoto wa minyoo ili mbu asipate cha kubeba. Mzimeze hata kama hamjavimba, maana vimelea havijitangazi. Togo waliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba matende si tatizo la jamii tena kwao. Malawi, jirani yetu, wakafuata mwaka 2020. Wenye busha, upasuaji upo na watu wanapona. Lakini mguu ulioharibika mirija haurudishwi na kidonge. Vidonge vya kukojoza havisaidii hapa. Na kuchanja kwa wembe eti maji yatoke, nawasihi kwa moyo wangu wote, mwache. Nimeona vidonda vya wembe huo. Kila chale ni mlango mwingine wa bakteria.

Ukipata homa ya mguu, usiukande kwa maji ya moto wala usiupake majani. Lala, uinue, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi, uende zahanati upewe dawa ya bakteria. Siku za uzima uzungushe kifundo na ulale mguu ukiwa juu, weka nguo zilizokunjwa chini ya godoro upande wa miguuni. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza kabla ya kuinua, pumzi isije ikambana.

Na wewe unayeufunika kwa kanga mbili ili mkweo asiuone, ninakuelewa. Ila mguu uliofunikwa haukaguliwi, na usiokaguliwa ndio unaooza.

Bibi yetu huyu wa mbele amekubali tuoshe wake hapa hapa, Mungu ambariki. Sogeeni muone. Beseni, maji safi ya kawaida, sabuni isiyo na manukato. Naanza juu, pale uvimbe unapoanzia, nashuka taratibu. Si kusugua. Hapa kwenye mkunjo nautanua kwa vidole, naingiza kitambaa, nasuuza mpaka maji yatoke meupe. Sasa vidole vya mguu. Tazameni nilivyokisokota kipande hiki cha khanga ya zamani, napitisha kati ya kidole na kidole, nagusagusa mpaka pakauke kabisa. Hapa kati ya cha mwisho na cha pili yake kuna mpasuko, mnauona? Hapo tutapaka dawa ya fangasi. Mjukuu, njoo ushike kitambaa, leo usiku utamwosha wewe.