Mfilisi wa Kampuni ya Bima na Kifungu cha Usuluhishi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa sheria na wageni wetu, asanteni kwa kunialika.

Kampuni ya bima ikifilisika Marekani haipelekwi kwenye mahakama za ufilisi za shirikisho kama kiwanda au duka. Sheria ya Ufilisi ya huko imeiondoa waziwazi. Kampuni huangukia mikononi mwa msimamizi wa bima wa jimbo lake, aghalabu huitwa Kamishna, naye huteuliwa na mahakama ya jimbo kuwa mfilisi. Amri ikishatoka, mashauri dhidi ya kampuni husimamishwa, mali hukusanywa mahali pamoja, na wadai hupangwa kwenye foleni iliyowekwa na bunge la jimbo. Gharama za ufilisi hutangulia. Wenye bima wako karibu sana na mbele: mjane anayengoja bima ya maisha ya mumewe, fundi aliyevunjika mguu kazini. Wenye hisa ni wa mwisho, na mara nyingi foleni haiwafikii.

Lakini mfilisi akifungua makabati ya kampuni anakuta mikataba: ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine, ya wakaguzi wa hesabu, ya wataalamu waliokadiria ada. Mingi inasema kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi, watu binafsi waliochaguliwa na wahusika, si mahakama. Nayo Sheria ya Usuluhishi ya Shirikisho ya 1925 inaagiza vifungu hivyo viheshimiwe. Je, vinambana mfilisi?

Kwa miongo mingi, tangu kesi ya Paul v. Virginia ya 1869, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba bima si biashara ya kati ya majimbo, kwa hiyo majimbo ndiyo yaliyoisimamia. Mwaka 1944, katika kesi ya South-Eastern Underwriters, mahakama hiyo ikageuza msimamo. Mwaka uliofuata Kongresi ikapitisha Sheria ya McCarran-Ferguson: sheria ya shirikisho isiyohusu bima mahususi isifasiriwe kwa namna inayobatilisha au kudhoofisha sheria ya jimbo iliyotungwa kusimamia bima. Kwa kawaida sheria ya shirikisho humeza ya jimbo, hapa imegeuzwa. Na sheria ile ya 1925 haizungumzii bima mahususi.

Kwa hiyo ubishi uko kwenye swali moja: je, sheria ya ufilisi ya jimbo ni sheria ya kusimamia bima? Mwaka 1993, katika kesi ya Fabe iliyotoka Ohio, majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, watano dhidi ya wanne, walijibu kwamba ndiyo, lakini kwa kadiri tu inavyowalinda wenye bima. Kuwaweka wenye bima mbele ya serikali ya shirikisho, nayo mdai, kulikubaliwa. Kuwaweka wafanyakazi na wadai wa kawaida mbele ya serikali hiyo kulikataliwa. Naiona hukumu hii kuwa ufunguo wa mjadala mzima, kwa sababu inatutaka tuulize fedha inaelekea kwa nani.

Mahakama za chini zimegawanyika. Mwaka 1992, katika shauri la mfilisi wa Montana, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho zilizogawanywa kwa maeneo, ilisema mfilisi anayedai haki iliyomo katika mkataba anaubeba mkataba wote. Mwaka 1995 ile ya Mzunguko wa Pili, katika kesi ya Stephens, iliangalia ufilisi wa Delta America Re ya Kentucky. Sheria ya Kentucky ilitamka kwamba masharti yake yanashinda kifungu cha usuluhishi, na jimbo likashinda. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Ohio ilikataa kumlazimisha mfilisi aende kwenye usuluhishi na kampuni ya ukaguzi Ernst & Young, kwa kuwa madai yake hayakutokana na mkataba wenye kifungu hicho.

Naunga mkono Ohio, na ninaielewa ile ya Montana. Mfilisi akidai deni la bima mtawanyo, hawezi kushika ukurasa wa malipo akachana ukurasa wa usuluhishi. Wasuluhishi wa biashara hiyo wanaijua vizuri, wakokotoe kiasi. Lakini mkaguzi anaposhtakiwa kwamba alifumba macho kampuni ikizama, walioumia ni watu ambao hawakuwahi kuuona mkataba wake. Kifungu kile kilitiwa saini na wakurugenzi, pengine walewale waliozamisha kampuni. Kesi ya namna hiyo isisikilizwe faraghani. Umma una haki ya kujua usimamizi ulishindwa wapi.

Kuna pahala pagumu zaidi, nako ni kukata deni kwa deni. Chukulieni mfano wa kubuni: kampuni ya bima mtawanyo inadaiwa na mfilisi dola milioni 10, nayo inasema kampuni iliyofilisika ina deni lake la milioni 6. Ikiruhusiwa kukata, inatoa milioni 4 tu, na ile milioni 6 imelipwa kamili, senti kwa senti. Ikikataliwa, inatoa zote 10, kisha inakwenda kusubiri nyuma ya wenye bima, pengine ipate kidogo sana. Wasuluhishi watatu chumbani wakiamua jambo hili, wamegusa foleni yenyewe, wakati mjane na fundi hawana mwakilishi mezani isipokuwa mfilisi. Kiasi cha deni na kiamuliwe na wasuluhishi. Haki ya kukata ibaki mbele ya mahakama ya jimbo inayosimamia ufilisi.

Tatizo linazidi mdai au mdaiwa akiwa wa nje, kwa mfano London. Hapo unaingia Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi ziheshimu makubaliano ya usuluhishi. Stephens ilisema mkataba huo haufanyi kazi bila sheria ya kuutekeleza, hivyo McCarran-Ferguson huuzuia. Mizunguko mingine, kama wa Tano mwaka 2009, ilikataa, na mwaka 2025 Mzunguko wa Pili wenyewe ukaachana na msimamo wake wa 1995, katika kesi iliyotoka Louisiana na haikuwa ya ufilisi. Maana yake ni kwamba kampuni ya London inaweza kupelekwa kwa wasuluhishi pale ambapo ya Chicago, yenye maneno yaleyale katika mkataba, ingebaki mahakamani. Mwenye bima ni yuleyule na hasara yake ni ileile. Mahakama zimefika mwisho wa kile zinachoweza kurekebisha. Kongresi iandike kwamba katika ufilisi wa bima, suala linalogusa foleni ya wadai haliendi kwa wasuluhishi, awe mdaiwa wa ndani au wa nje.