Sinki Limesubirishwa, Friji Limekalia Kipindi

MWANA: Hodi hodi majumbani! Da' Mwana hapa, na Sele yupo, kaja na karatasi yake.

SELE: Mambo matano ya kupanga jiko dogo. Tunaanza na sinki. Leo hatutoki nje ya mada.

MWANA: Haya. Ila kwanza ya Jumanne. Mnajua nyumba yangu ilivyokuwa vumbi tupu tangu fundi aanze kubandika marumaru jikoni. Jumanne kamaliza, nikaita vijana waingize friji. Likakaa kwenye kona, likaenea kabisa. Kufungua mlango, puu, ukuta! Mkono unapita, lakini droo ya mboga haitoki. Mchicha nauona, kuutoa siwezi.

SELE: Bawaba ziko upande wa ukuta. Hapo ungeacha upenyo, mlango upite kidogo pembe mraba ndipo droo itoke. Au uhamishe bawaba. Friji nyingi zina matundu ya skrubu pande zote mbili.

MWANA: Nikawaambia wale vijana, rudisheni sebuleni.

SELE: Da' Mwana!

MWANA: Limerudi kwao, pembeni ya televisheni. Na kitambaa chake juu.

SELE: Kile cha kufuma? Wasikilizaji, kile kitambaa bado kipo! Na juu ya kitambaa?

MWANA: Maua ya plastiki. Funguo. Risiti za LUKU.

SELE: Sasa hilo ni friji au ni kabati? Sikiliza, jiko lina vitu vitatu: sinki, friji, na jiko lenyewe la kupikia. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilichunguza hili miaka ya 1940, ndiko ilikotoka ile pembetatu ya kazi, yaani njia unazopita kutoka kimoja hadi kingine. Ukijumlisha pande zote tatu, ziwe kati ya mita 4 na 8 hivi. Wewe yako inapita kwenye kochi.

MWANA: Mimi sina pembetatu, nina mstari. Na hao wa Illinois walikuwa wanauza barafu?

SELE: Barafu imeingiaje?

MWANA: Ndiyo mada yenyewe! Mtoto akigonga mlango wa mbele na shilingi zake, hata mwanangu wa mwisho anamuuzia. Friji likiwa jikoni, watoto wa mtaa mzima watapishana na sufuria ya maharage inayochemka.

SELE: Lakini mgeni kakaa, unafungua friji mbele ya macho yake, anaona soda mbili na wageni mko nao wanne.

MWANA: Vizuri, ajue mapema. Aombe maji.

SELE: (anacheka) Na usiku linanguruma watu wakiangalia taarifa ya habari.

MWANA: Tunaongeza sauti. Sele, wewe mwenyewe ulisema hapa hapa friji lisigusane na jiko la gesi.

SELE: Lisigusane, ndiyo, maana joto linalifanya lihangaike na umeme ukaliwa bure. Sikusema lihame chumba! Unaweka sinki katikati, na kipande cha kaunta kila upande, hata sentimita 40, cha kutua sufuria.

MWANA: Kwenye jiko la mita mbili kwa mbili na nusu?

SELE: Lile jiko la Frankfurt la mwaka 1926, la yule msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, lilikuwa na upana wa mita 1.9 tu, urefu 3.4. Na kila kitu kilienea.

MWANA: Lilikuwa na friji?

SELE: Miaka ile...

MWANA: Lilikuwa na friji, Sele?

SELE: Halikuwa nalo.

MWANA: Haya, wasikilizaji mmesikia.

SELE: Kwa sababu watu wa kawaida hawakuwa nayo wakati ule! Si kwamba liliwekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa!

MWANA: Wangekuwa nacho wangefunika. Mimi sihami.

SELE: Na mimi siiti hilo jiko lililopangwa. Kila ukitaka nyanya unapita mbele ya mashemeji na kanga ya jikoni.

MWANA: Nyanya ziko kwenye tenga, jikoni. Friji ni la barafu na maji ya wageni.

SELE: Na mchicha.

MWANA: Mchicha wa Jumanne umeshaliwa.

SELE: Dakika ngapi zimebaki? Moja? Sinki hatujaligusa! Jamani, bomba la maji machafu lipewe mteremko, sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita, na ile shingo iliyopinda chini ya sinki fundi asiiondoe, maji yanayobaki mle ndiyo yanazuia harufu. Mtungi wa gesi, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la hewa liwe chini, siyo...

MWANA: Muziki umeshaingia, mdogo wangu.

SELE: ...siyo juu peke yake! Namba tatu...

MWANA: Kwaherini. Tutumieni picha za friji zenu.

SELE: Za jikoni!