Paris 1919 na bandari yetu ya Kigoma

Wazee shikamooni, vijana mambo, asanteni kwa kuja maana najua wengine mmetoka Kibirizi moja kwa moja hata hamjala.

Leo naongelea vita kuu ya kwanza ila sio mapigano, naongelea walioshinda walivyokaa mezani Paris kuanzia januari 1919 na kila mtu kaja na lake. Nchi zilikuwa nyingi ila neno lilikuwa la watatu, Clemenceau wa Ufaransa, Lloyd George wa Uingereza na Wilson wa Marekani. Orlando wa Italia alikuwepo pia, aprili akasusa akaondoka kisa mji wa Fiume, mei akarudi.

Clemenceau mi namuelewa sana. Mzee wa miaka 77, alishawaona Wajerumani wakivamia Ufaransa 1870, wakaja tena 1914, mara ya pili hiyo wamekufa askari wake zaidi ya milioni moja na laki tatu, halafu februari hiyo hiyo ya mkutano kapigwa risasi njiani na moja ikabaki mwilini, na bado akarudi mezani, sasa mtu kama huyo utamwambia asamehe? Alitaka Mjerumani asiinuke tena, basi. Wilson kwao vita haikufika, yeye alikuja na hoja zake 14 na Shirika la Mataifa la kuzuia vita nyingine. Lloyd George ndo alikuwa katikati, desemba kashinda uchaguzi na wananchi wanataka Mjerumani alipe, ila anajua Mjerumani akifilisika kabisa biashara ya Uingereza nayo inaumia.

Sasa sikilizeni hoja ya tano ya Wilson, ilisema kwenye mambo ya makoloni maslahi ya wenyeji yapewe uzito sawa na madai ya serikali. Uzito sawa! Wakati huo hapa Kigoma yupo Mbelgiji, aliingia julai 1916 siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ndo Liemba yetu hii hii, septemba akachukua Tabora. Na mizigo ya majeshi yote hayo ilibebwa vichwani na wapagazi, babu zetu, wamekufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara, na pale Paris hakuna aliyekuwa na kiti cha kuwasemea.

Mei 7, 1919 wakubwa wakaamua koloni lote la Mjerumani huku Afrika Mashariki, na sisi ndani yake, apewe Mwingereza. Mbelgiji akaja juu. Na hapa ndo panaponiuma, kwa sababu Mbelgiji wala hakuwa anaitaka sana Ujiji wala Tabora, alitaka ardhi ya Mreno kule mdomoni mwa mto Congo, sisi tulikuwa kitu cha kubadilishana tu, kama mtu anavyoshika mbuzi wa jirani ili apate ng'ombe. Mpango huo ukakwama. Mei 30 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakamaliza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, Kigoma kwa Mwingereza, yaani mpaka wetu na ndugu zetu wa Burundi ulipigiwa hesabu kule.

Ila Mbelgiji bandari hakuiacha. Simameni pale stesheni jioni kukiwa hakuna ukungu, mtaiona milima ya Congo ng'ambo, mizigo ilikuwa inavuka ziwa, inapanda treni hapo hapo mpaka Dar. Kwa hiyo 1921 Mwingereza akampangisha sehemu hapa Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa faranga moja kwa mwaka.

Novemba 1961, uhuru umebaki siku chache, Mwalimu Nyerere akalisema hilo wazi, kwamba Mwingereza mwenyewe alikuwa hapa kwa muda tu, sasa ardhi ya watu anaipangishaje milele?