Nani Ataitikia Hodi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na barua pepe.

Ilinifikia Jumapili asubuhi, mistari miwili tu. Mtu nisiyemjua aliniambia kwamba maktaba yangu ya kusoma faili za kalenda (yaani msimbo ulioandikwa ili programu nyingine ziutumie), niliyoiandika miaka 12 iliyopita, ina tundu la usalama: ukiipa faili iliyotungwa kwa hila, inakula kumbukumbu yote ya kompyuta mpaka mashine inaganda. Faili yenyewe aliiambatisha. Nikasema hii ni kazi ya nusu saa. Kumbe! Kwenye kompyuta yangu mpya, maktaba yangu mwenyewe ilikataa hata kujengwa. Zana nilizotumia zamani zilikwisha kutelekezwa na waliozitengeneza, na majaribio yaliyokuwa yakijiendesha kila ninapogusa msimbo yalizimika miaka 2 nyuma bila mimi kujua. Nilihangaika siku nne kurudisha mazingira ya kazi. Tundu lenyewe nililiziba kwa mistari mitatu.

Siku zile nne ndizo zilizonileta mbele yenu.

Tukizungumzia kuustaafisha mradi wa programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, jambo la kwanza kutajwa huwa ni umri. Umri hausemi kitu. TeX, programu ya Donald Knuth ya kupanga maandishi, ilianza 1978, na tangu 1990 haiongezewi jipya, inasahihishwa makosa tu. Kila masahihisho yakitoka, namba ya toleo huongezwa tarakimu moja kuikaribia pai, ile namba ya duara inayoanza 3.14. Yale ya 2021 yaliifikisha 3.141592653. Mzee mwenyewe ameagiza kwamba siku akifa toleo liitwe pai, na makosa yatakayokuwa yamebaki yahesabiwe kuwa sehemu halali ya programu. Wosia huo mimi naupenda kupita kiasi. Ni programu kongwe, lakini ukipiga hodi na kosa la kweli kuna mtu wa kuitikia. Atachukua miaka, maana ripoti huzipitia kwa awamu, ila ataitikia.

Idadi ya watumiaji nayo inadanganya. Namba za upakuaji hupandishwa na mashine za kujengea programu, zinazopakua kitu kilekile usiku na mchana bila binadamu kukigusa. Halafu watumiaji hawaishi. Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio ya programu, toleo lake la 1 lilitangazwa kufikia mwisho Agosti 2015. Desemba 2021, tundu la Log4Shell lilipoibuka kwenye toleo la 2 na kila fundi akakimbilia kukagua mifumo yake, wengi walikuta toleo la 1 bado linachapa kazi. Ukisubiri wa mwisho aondoke ndipo ufunge, utazeeka mlangoni.

Kwa hiyo mimi nimebaki na swali moja. Ripoti ya tundu ikija leo, je, ndani ya wiki moja naweza kutoa toleo lililozibwa? Sisemi "nitajitahidi." Naweza, au siwezi? Kama siwezi, na hakuna mwenzangu anayeweza, basi mradi umeshakufa. Kilichobaki ni kuwaambia watu.

Hapo daima kuna mtu husema: si umpe mwingine aendelee? Naona pale nyuma mnatikisa vichwa kukubali. Tukae hapa kidogo.

Mwaka 2018, mtunzaji wa maktaba iitwayo event-stream, ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiitumia tena, alimkabidhi mgeni aliyejitolea kusaidia. Mgeni yule akapenyeza msimbo wa kuwaibia bitcoin watumiaji wa pochi ya Copay. Kisa cha xz, programu ya kubana faili, kinatisha zaidi. Mtunzaji alikuwa peke yake, na alikwisha kueleza hadharani kwamba hali yake ya afya ya akili imempunguzia uwezo. Wakajitokeza watu wa kumsukuma: mbona unachelewa, mbona humpi mtu mwingine nafasi? Na "mtu mwingine" alikuwa tayari pembeni, mpole, mchapakazi, akijiita Jia Tan. Alijenga imani kwa zaidi ya miaka 2. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa programu, kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingilia kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachelewa nusu sekunde hivi, naye hakulipuuza. Nusu sekunde, jamani!

Sisemi msikabidhi. Nasema uchovu ni mshauri mbaya wa kuchagua mrithi. Ukifunga, leseni huria bado inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuuendeleza kwa jina lingine. Aaminiwe kwa jina lake, si kwa lako.

Kuhusu namna ya kufunga, sina mengi. Msifanye kama TrueCrypt, programu ya kuficha data kwa nywila, Mei 2014: ghafla tovuti ikageuka onyo kwamba programu si salama, na dunia ikabaki kubahatisha kimetokea nini. Waliotunza Moment.js, maktaba ya kushughulikia tarehe na saa, walitangaza Septemba 2020 kwamba haitaongezewa kitu, wakataja mbadala kwa majina. Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ilipangiwa kikomo mwaka 2015, ikasogezwa hadi 2020, kisha ikafungwa kweli. Wekeni tarehe, tajeni pa kwenda, na mlango wa kupokea ripoti mpya ufungwe siku hiyohiyo.

Mimi yangu nimeiwekea tarehe. Kabla ya kutangaza nilimwandikia yule wa Jumapili, nikamwomba radhi kwamba namwacha njiani. Akajibu jioni ileile: yeye alikwisha kuiondoa maktaba yangu kwenye programu yake tangu mwaka uliotangulia. Tundu aliliona wakati anaihama, akaona si uungwana kunyamaza.